Maswali ya Wasomaji: Farasi wa Moto, Tarehe Zake na Visa Vyake

Tangu Mwaka Mpya wa Kichina ulipoingia tarehe 17 Februari 2026, wasomaji wetu wengi wametuandikia kuhusu mnyama anayeutawala mwaka huu, yaani Farasi, na hasa kuhusu sifa ya moto aliyopewa safari hii. Barua zilizofanana tumeziunganisha, na majina ya waandishi tumeyaacha.

Swali: Ndugu Mhariri, nilizaliwa tarehe 31 Januari 1990. Utabiri mmoja niliousoma unaniita Farasi na mwingine unaniita Nyoka, na kila mmoja umeandikwa kwa uhakika mkubwa kana kwamba mwenzake hayupo. Nimfuate yupi?

Jibu: Ndugu msomaji, wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa kalenda yake, na kosa lao ni kwamba hawakukwambia wanatumia kalenda ipi. Sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina hufuata mwandamo wa mwezi, kwa hiyo huangukia siku yoyote kati ya takriban 21 Januari na 20 Februari. Mwaka 1990 ilikuwa tarehe 27 Januari. Anayehesabu kwa sikukuu hiyo atakuita Farasi, kwa kuwa wewe ulizaliwa siku nne baadaye. Hata hivyo, wanajimu wa Kichina wanaopiga hesabu ya kina, wale wanaotaka mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa, kwa kawaida hawaanzi mwaka kwa mwezi mwandamo bali kwa jua: mwaka wao huanza siku inayoitwa Lichun, mwanzo wa majira ya kuchipua, ambayo huwa tarehe 4 Februari au siku iliyo jirani nayo. Kwa hesabu hiyo wewe ulizaliwa mwaka wa Nyoka ukiwa ukingoni.

Hali hii si yako peke yako. Watoto waliozaliwa kati ya tarehe 4 na 16 Februari 2026 wako katika mtafaruku huohuo, ila wao kwa kinyume: kwa jua ni Farasi, kwa mwezi ni Nyoka. Ninachokionya ni zile jedwali zinazoandika kwa mkato kwamba 1990 ni Farasi, zikamaliza. Mtu aliyezaliwa tarehe 10 Januari ya mwaka huo ni Nyoka kwa kalenda zote mbili, na huenda amekuwa akisoma utabiri wa mtu mwingine tangu alipojua kusoma.

Swali: Kwa nini Farasi wa mwaka huu anaitwa wa moto, ilhali yule wa mwaka 2014 hakuitwa hivyo? Na moto huo unabadilisha nini katika utabiri?

Jibu: Wanyama kumi na wawili ni nusu tu ya hesabu. Wachina wa kale walihesabu siku, na baadaye miaka, kwa kuunganisha safu mbili za alama: mashina kumi ya mbinguni na matawi kumi na mawili ya ardhini. Safu hizi hutembea sambamba, hatua kwa hatua, kwa hiyo jozi moja hairudi hadi zipite hatua 60. Wanyama wamefungwa kwenye matawi, na zile asili tano, yaani mti, moto, udongo, metali na maji, zimegawiwa mashina, kila asili ikipata mashina mawili. Shina la mwaka 2014 lilikuwa la mti. La mwaka 2026 ni *bing*, ambalo ni moto wa upande wa yang, yaani upande wa mwanga na joto, moto wa jua la mchana. Jozi hii ilionekana mara ya mwisho mwaka 1966, na kabla ya hapo mwaka 1906.

Kinachowasisimua watabiri ni kwamba tawi la Farasi, *wu*, lenyewe tayari ni la moto. Tawi hilo ndilo muda wa kuanzia saa tano asubuhi hadi saa saba mchana. Ndilo upande wa kusini, na ndilo mwezi wa kati wa kiangazi, ambao ndani yake jua hufika kilele chake. Hivyo shina ni moto na tawi ni moto. Ukishafahamu hilo, unaweza kuandika sehemu kubwa ya utabiri wa mwaka huu bila msaada wa mtu: mambo yatakwenda kasi, hasira zitakuwa karibu, shughuli zinazohesabiwa kuwa za moto, kama vile nishati na taa, zitasifiwa, na mtu ambaye chati yake ya kuzaliwa ina upungufu wa moto ataambiwa kuwa huu ni mwaka wake wa kuchangamka, huku yule mwenye moto mwingi akishauriwa atulie. Sisemi hivi kwa dharau. Nataka tu ieleweke kwamba utabiri wa namna hii hautokani na kuchunguza dunia ilivyo mwaka huu, bali hutokana na kusoma jedwali ambalo lingesema yaleyale mwaka 1966 na litasema yaleyale mwaka 2086.

Hofu ya miaka ya namna hii nayo ni ya zamani. Enzi za nasaba ya Song, mtu aliyeitwa Chai Wang alikusanya majanga yaliyotokea katika miaka ya *bing-wu*, yaani ya Farasi wa Moto, na ile inayoifuata ya *ding-wei*, ambayo ni ya Mbuzi wa Moto, akaiwasilisha orodha yake mwaka 1246, ambao wenyewe ulikuwa *bing-wu*. Wakubwa hawakupendezwa, na alitiwa kizuizini kwa muda. Mfano uliokuwa ukiwauma watu wa Song ulikuwa wa mwaka 1126, pale jeshi la Wajurchen wa dola ya Jin lilipouzingira mji mkuu wa Kaifeng. Mji ulianguka kabla mwaka huo wa Farasi haujaisha, na mfalme pamoja na baba yake aliyekuwa amemwachia kiti wakachukuliwa mateka kaskazini. Wapenzi wa orodha hiyo huongeza mwaka 1966, ambao Mapinduzi ya Utamaduni yalianza nchini China. Lakini nasaba ya Ming ilipoteza Beijing mwaka 1644, na huo ulikuwa mwaka wa Kima. Mfalme wa mwisho wa Qing alijiuzulu Februari 1912, siku chache kabla mwaka wa Nguruwe haujamalizika. Majanga hayo hayamo katika orodha kwa sababu hayakuwa na farasi wa kuyabeba.

Swali: Watoto wangu wanapenda kile kisa cha mashindano ya wanyama mbele ya Mfalme wa Jade. Je, kweli ndicho chanzo cha Farasi kuwa wa saba? Na je, hakuna hadithi nyingine inayomhusu?

Jibu: Kisa unachokisema kinajulikana sana: Mfalme wa Jade, mtawala wa mbinguni katika imani za Wachina, aliwaita wanyama wavuke mto, na nafasi zao katika miaka zikapangwa kwa jinsi walivyofika. Farasi alikuwa anakaribia ukingo kwa mbio, lakini Nyoka alikuwa amejiviringisha kwenye ukwato wake. Alipochomoza ghafla, Farasi akashtuka akarudi nyuma, na Nyoka akaingia wa sita. Ni kisa kitamu, ila kimetungwa ili kueleza mpangilio uliokuwapo tayari. Wanyama hawa walikuwa na kazi nyingine kabisa hapo mwanzo.

Mwaka 1975, katika kaburi moja huko Shuihudi, mkoani Hubei, wachimbaji wa mambo ya kale walipata vipande vingi vya mianzi vilivyoandikwa kwa wino, vilivyozikwa pamoja na ofisa mdogo wa dola ya Qin mwaka 217 KK hivi. Miongoni mwavyo mlikuwa na mwongozo wa siku njema na mbaya, na ndani yake sehemu ya kumtambua mwizi. Ukiibiwa siku ya tawi fulani, unatafuta mtu anayefanana na mnyama wa tawi hilo: siku ya Panya mwizi ana mdomo uliochongoka na ndevu chache. Hiyo ni mojawapo ya orodha za kale kabisa za wanyama hawa tulizo nazo, na kwa anayejali Farasi ina jambo la kushangaza, kwani katika tawi la *wu* hayupo. Aliyekaa hapo ni kulungu, na mwizi wa siku hiyo ana shingo ndefu na masikio marefu. Farasi amewekwa katika tawi linalofuata, ambalo leo ni la Mbuzi. Kwa hiyo mtu anayeeleza tabia ya waliozaliwa mwaka wa Farasi kana kwamba iliandikwa mbinguni tangu kuumbwa kwa dunia angefaa kujua kwamba kiti hicho kiliwahi kukaliwa na mwingine.

Ama kuhusu hadithi nyingine, zipo, na ninayoipenda kuliko zote ni ile iliyoandikwa na Gan Bao, mwanahistoria wa karne ya 4. Mtu mmoja alikwenda safari ya mbali, akamwacha nyumbani binti yake wa pekee pamoja na farasi dume ambaye binti ndiye aliyemlisha. Siku moja, kwa upweke wa kumkumbuka baba, binti alimwambia farasi kwa mzaha kwamba akimrudisha baba yake, yeye ataolewa naye. Farasi alikata kamba akatoweka. Alimfikia yule baba, akawa analia huku akigeuza shingo kuelekea alikotoka, hadi baba akahisi kuna jambo nyumbani, akampanda na kurudi.

Baba alimthamini mnyama huyo, akamwongezea chakula, lakini farasi hakula. Kila binti alipoingia au kutoka, alipiga kwato kwa furaha na ghadhabu pamoja. Baba alipouliza, binti alimsimulia ule mzaha. Baba akamkataza asiseme kwa mtu, maana ni aibu kwa ukoo, kisha akamvizia farasi, akamuua kwa upinde na kuianika ngozi yake uani. Aliposafiri tena, binti na msichana jirani walikuwa wakicheza karibu na ngozi ile, na binti akaipiga teke huku akiisimanga: wewe mnyama, ulitaka mke binadamu, umeona yaliyokupata? Hakuimaliza kauli yake. Ngozi iliinuka, ikamfunika, ikaenda naye. Baada ya siku kadhaa walionekana katikati ya matawi ya mti mkubwa, binti na ngozi wamegeuka viwavi wanaosokota nyuzi, na vifukofuko vyao vilikuwa vinene kuliko vya kawaida. Wanawake wa jirani wakavichukua kuvifuga, wakapata hariri mara kadhaa zaidi, na mti huo ndio mforsadi.

Uhusiano huu wa farasi na kiwavi wa hariri si wa Gan Bao peke yake. Mwanafalsafa Xunzi, katika karne ya 3 KK, alikwishatunga kitendawili kuhusu kiwavi chenye mwili laini kama wa mwanamke na kichwa kama cha farasi, na ukikitazama kiwavi wa hariri kinapoinua sehemu ya mbele ya mwili, utaona alichokiona. Wafugaji wa hariri waliendelea kwa karne nyingi kumheshimu Matou Niang, yaani Binti Mwenye Kichwa cha Farasi. Nionavyo mimi, kisa hiki kinamheshimu farasi kuliko yale mashindano ya mtoni: ndani yake farasi ndiye pekee aliyetimiza upande wake wa ahadi, na waliomdhulumu wanajulikana. Watoto wadogo, hata hivyo, nisingewasimulia usiku.

Swali: Nilizaliwa Juni 1984, mwaka wa Panya. Kila utabiri ninaousoma unaniambia kwamba mwaka huu "ninagongana na Tai Sui". Mdogo wangu wa 1990 ameambiwa avae nyekundu mwaka mzima. Tai Sui ni nani, na kwa nini ana ugomvi nasi?

Jibu: Tai Sui alianza kama hesabu ya falaki kabla ya kuwa mungu. Sayari ya Mshtarii huchukua karibu miaka 12 kulizunguka jua, na Wachina wa kale waliigawa njia yake mbinguni katika vituo 12. Kwa kuwa mwendo wake ulikuwa kinyume na mpangilio wa matawi, walibuni mwenzake asiyeonekana anayekwenda upande wa pili, wakamwita Tai Sui. Baadaye huyo wa kubuni akawa na heshima ya mtawala wa mwaka, na kwa imani ya Kitao wako 60, mmoja kwa kila jozi ya mzunguko. Katika hekalu la Baiyun Guan mjini Beijing umo ukumbi wenye sanamu zao zote, ambamo watu humtafuta yule wa mwaka wao wa kuzaliwa.

Mwaka huu Tai Sui amekaa kusini, kwenye kiti cha Farasi. Ndiyo maana wenye kufuata mambo haya wanaepuka kuchimba au kubomoa upande wa kusini wa nyumba zao hadi mwaka uishe. Panya, ambaye ni kaskazini, usiku wa manane na maji, anamtazama Farasi uso kwa uso, na kwa wanajimu kutazamana huko ndiko kugongana. Mdogo wako anakaa kiti kimoja na Tai Sui, kwa kuwa ni mwaka wa mnyama wake mwenyewe, na huo huhesabiwa kuwa wa misukosuko. Mkanda mwekundu, soksi nyekundu au nguo ya ndani nyekundu ndiyo kinga inayouzwa sana majira hayo nchini China. Ng'ombe na Sungura nao huongezwa kwa makosa madogo zaidi. Ukijumlisha, wanyama wanne kati ya 12 wameonywa, na kila mwaka hali haiachani sana na hiyo, jambo linalowafaa wauza hirizi. Kwa upande wa pili, Chui Milia, Mbwa na Mbuzi ndio wanaosifiwa.

Ikiwa unataka mtu wa kukutetea, nenda kwa Wang Chong, mwanazuoni wa karne ya 1 wa enzi ya Han, ambaye alizijua imani hizi na hazikumridhisha. Aliuliza: ikiwa maji huushinda moto, mbona panya hamfukuzi farasi? Na ikiwa metali huushinda mti, mbona jogoo hamdonoi sungura?

Swali: Mke wangu anatarajia kujifungua Julai, na vipimo vinaonyesha mtoto wa kike. Jamaa mmoja ametuonya kwamba binti wa Farasi wa Moto humletea mumewe kifo. Tumepoteza usingizi. Je, hii ni imani ya Wachina?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, hii ni imani ya Japani, ambayo iliichukua kalenda ya Kichina na kuiongezea mambo yake. Kwa Kijapani mwaka huu unaitwa *hinoe-uma*. Imani hiyo imeshikamana na habari za Oshichi, binti wa muuza mboga wa mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Inasimuliwa kwamba moto uliifanya familia yake ihamie hekaluni kwa muda, akampenda kijana wa humo, na waliporudi nyumbani akawasha moto mwingine ili apate sababu ya kumwona tena. Aliuawa kwa kuchomwa moto mwaka 1683. Mwandishi Ihara Saikaku alikiandika kisa chake miaka michache baadaye, michezo ya kuigiza ikakieneza, na ikashikwa kwamba alizaliwa mwaka 1666, mwaka wa Farasi wa Moto. Kwa hiyo msichana mmoja aliyewasha moto kwa ajili ya mapenzi ndiye anayewabebesha wanawake wengine tabia yake kila baada ya miaka 60.

Imani hiyo ilikuwa na nguvu kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1965 Japani ilikuwa na vizazi 1,823,697. Mwaka 1966 vilishuka hadi 1,360,974, yaani upungufu wa robo nzima, na mwaka 1967 vikapanda hadi 1,935,647. Hakukuwa na vita wala njaa. Wazazi walijizuia tu kwa mwaka mmoja, kisha wakaendelea. Mwaka 1906, uzazi wa mpango ulipokuwa mgumu zaidi, baadhi ya wazazi waliandikisha binti zao kwa tarehe za mwaka wa jirani. Wastani wa watoto kwa kila mwanamke mwaka 1966 ulikuwa 1.58, na uliposhuka hadi 1.57 mwaka 1989, mwaka usio na Farasi yeyote, nchi nzima ilishtuka.

Nchini China idadi ya vizazi haikuporomoka namna hiyo mwaka 1966. Huko wanaosemwa vibaya zaidi ni wasichana wa mwaka wa Mbuzi, na wanaotafutwa ni watoto wa Joka, kiasi kwamba Taiwan, Hong Kong na Singapore zilishuhudia vizazi vikiongezeka katika miaka ya Joka kama 1976 na 1988. Linalompata hakika mtoto wa Joka ni kusoma katika darasa lililojaa.

Jamaa yenu pia amekiuka kanuni za wanajimu wenyewe. Mwaka ni nguzo moja tu kati ya nne wanazozitumia. Mwezi, siku na saa zina nguzo zao, na katika mfumo wa kale unaotumika hadi leo, nguzo ya siku ndiyo inayohesabiwa kuwa mtu mwenyewe. Mnajimu wa Kichina mwenye kuijua kazi yake hawezi kusema lolote kuhusu ndoa ya binti yenu kabla hajaambiwa siku na saa aliyozaliwa, na hizo hata mkunga hazijui bado.